Uhai Hushinda Umbo

3 Machi, Jumatatu

Gari limerudishwa leo mchana. Fundi makanika, ambaye mtaa mzima humwita Spana, alilisimamisha uani mbele ya dirisha langu, uso ukielekea langoni. Alisema, "Mwalimu, gari yako hiyo. Injini ilikuwa imekufa, nimeifufua." Nilimwambia kwamba gari ni la ngeli ya LI-YA, kwa hiyo ni gari lako hilo, na kwamba kisichoishi hakifi, huharibika tu. Alinijibu kuwa yeye anajua ngeli mbili, ya inawaka na ya haiwaki.

Ni gari lile lile. Mwanangu alifia ndani yake mwezi wa Desemba. Mjukuu wangu, binti yake, aliyekuwa kiti cha nyuma, alitolewa akiwa na mguu uliovunjika. Bati limenyooshwa, kioo ni kipya. Hatuna gari jingine wala uwezo wa kupata jingine. Mkwe wangu, mama wa mtoto, alilifunika kwa turubai kwa kutumia ufagio, asiliguse kwa mkono.

4 Machi

Mvua ya kwanza.

6 Machi

Tumempeleka mtoto hospitali, ng'ambo ya mto, kwa teksi. Alijitupa na kupiga mateke njia nzima, mpaka plasta ikapasuka na dereva akatuomba tushuke. Tulimbeba sehemu ya njia iliyobaki. Daktari ametueleza bila kuzungusha maneno: mfupa unaunga upande. Unatakiwa kuvutwa na kufungwa upya kila baada ya wiki mbili, msimu huu wote wa mvua, na ukikosa utaunga ulivyo, naye atachechemea hadi uzee wake. Lakini safari kama ya leo, alisema, inaharibu kuliko kutokuja. Mjukuu wangu ana miaka minane. Uzee wake uko mbali sana.

9 Machi, Jumapili

Wakati wa chakula, mkwe alimwuliza mtoto ni nini kingemfanya akubali kupanda gari. Hakumbembeleza, aliuliza kama anavyowauliza wateja wake vipimo. Yeye hushona maturubai ya malori, na huamini kila tatizo lina upana na urefu.

Mtoto alifikiri, kisha akasema, "Gari halioni. Baba alisinzia, lenyewe likaenda tu. Mwenye punda akisinzia, punda anaona."

Mama yake aliweka kijiko chini. Mimi nilifurahi kimoyomoyo kwamba amesema halioni na si haioni. Sasa naona nilipaswa kusikiliza alichosema, si namna alivyokisema.

14 Machi

Kazi imeanza. Mkwe ameazimia kumtengenezea binti yake mnyama, na ameazimia pia kutonunua chochote. Maboksi kutoka dukani, magazeti ya zamani, gundi ya unga. Kichwa kimefungwa juu ya boneti kwa kamba. Spana, aliyekuja kudai jeki yake, alisema ni ng'ombe. Jirani mwenye kuku alichungulia juu ya ukuta akasema ni fisi aliyeshiba.

Nilimwuliza mjukuu ni mnyama gani, kwa kuwa nomino lazima iwepo kabla ya kivumishi. Alisema, "Hana jina, Babu. Mkimpa jina, mtu yeyote ataweza kumwita."

17 Machi

Mvua kubwa alasiri. Uso ule ulianza kuteremka. Taya lilitangulia, yakafuata mashavu, kisha jicho moja likateleza hadi kwenye bampa na kubaki hapo likitazama juu. Mkwe alisimama barazani akiwa ameshika kiuno. Mtoto alikuwa dirishani kwangu, mguu juu ya kigoda, macho makavu.

"Hakuutaka uso huo," alisema.

"Halikuutaka," nilimsahihisha. Baadaye nilitambua kuwa sahihisho langu lilikuwa bovu kuliko kosa lake. Gari halitaki wala halikatai.

20 Machi

Cha rahisi kisichodumu ni ghali. Hayo ni maneno ya mkwe wangu, nami nimeyakubali. Leo ameanza upya, na nitaeleza namna anavyofanya kwa sababu ni kazi safi.

Ngozi inakatwa kutoka mabaki ya turubai zito. Juu yake anashona mistari ya mpira wa ndani wa matairi, uliochanwa utepe utepe kama manyoya. Anaanzia chini, kila mstari ukilalia ule wa chini yake, kama makuti ya paa, ili maji yateleze yasipate pa kuingilia. Uzi ni wa nailoni uliopakwa nta ya mshumaa. Pua na taya ni madumu ya mafuta yaliyokatwa kwa kisu cha moto na kuunganishwa kwa waya. Masikio ni mipira ya kukinga matope kutoka lori lililochinjwa. (Nimeliandika neno la Spana. Lori halichinjwi, hufunguliwa vipuri.) Macho yatakuwa makarai mawili ya bati, yaliyotobolewa kitovuni ili taa za mbele zipenye, na kufunikwa plastiki ngumu. Chini ya tumbo patakuwa na mikanda yenye vifungo, ili vyote hivi viweze kuvuliwa mvua zikiisha.

Jioni nilishika sindano ya magunia, nikashona mistari ya shingoni. Mkwe alikagua mishono yangu akasema imenyooka kama mwandiko wa ubaoni. Tangu msiba sijamsikia akitania.

22 Machi

Mvua tangu alfajiri. Hakulowa sana.

27 Machi

Macho yamefungwa leo. Spana aliwasha taa ili kujaribu, kisha akaondoka na betri kwenda kuichaji kwake, kwa kuwa ilikuwa dhaifu.

Baada ya yeye kuondoka, pua ilianza kutoa sauti. Inavuta, inatulia, inatoa. Nilitoka na mwavuli, nikabaini kuwa upepo unaingia katika midomo ya madumu. Nikayatoboa matundu kwa msumari wa moto upepo upate njia. Sauti haikukoma. Imekuwa nyororo zaidi, na ya mpangilio, kama ya kiumbe aliyekuwa na mafua akapona.

30 Machi, Jumapili

Naandika kwa hasira, na mwenye hasira aandike polepole.

Asubuhi mkwe aliniuliza, "Baba, umemfunika?" Nilidhani anasema kuhusu mtoto. Alikuwa anasema kuhusu gari. Nusu saa baadaye jirani aliniuliza kwa nini tunamwacha mvuani. Mtoto husema amelala, ameamka, amegeuka. Niliwaketisha mkwe na mjukuu mezani, nikawaeleza nilichowaeleza wanafunzi miaka yangu yote ya kazi. Kifaru huanza kwa ki, na kiti huanza kwa ki. Lakini kiti kimevunjika, na kifaru amevunjika. Kipofu amekuja, si kimekuja. Kanuni ni fupi: uhai hushinda umbo. Chenye uhai hupewa A-WA hata kikiwa na sura gani. Kisicho na uhai hakipewi hata kikivalishwa nini. Hicho kilichoko uani ni gari lililovaa.

Mjukuu wangu alisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza, "Babu, wewe ulijuaje kama kifaru yuko hai?"

Nilimwambia ni jambo linaloonekana.

"Ahaa," alisema, akatazama dirishani.

5 Aprili

Tumekosa miadi ya pili. Daktari ametuma salamu kwamba kama mguu hautavutwa kabla ya mwisho wa mwezi huu, hautavutika tena.

Ngozi imekamilika, na mtoto bado hajapanda. Mama yake alipiga magoti mbele yake, jambo lililonichoma kulitazama, akamwuliza kinachosubiriwa ni nini. Kumbe kinachosubiriwa ni mimi. Mtoto anasema mnyama hawezi kuwabeba watu wasiokubali kuwa yuko, na katika nyumba hii ni mmoja tu asiyekubali.

Nilitafuta njia ya katikati. Sarufi inayo: jibwa, jitu, joka. Ni viumbe, na ukubwa wao unaruhusu LI-YA. Nikamwambia niko tayari kusema jinyama hili linatubeba.

"Si jinyama," alisema. "Ni mnyama."

Mkwe alinitazama. Nilijua alichokuwa anapima: upande mmoja silabi moja, upande wa pili mguu wa mwanawe. Nilikwenda chumbani. Kwa nini silabi moja ilikuwa nzito hivyo mdomoni mwangu? Nilijiambia ni suala la usahihi. Leo naandika ukweli: nilikuwa naogopa. Nimewafundisha watu maisha yangu yote kwamba huwezi kusema amekuja pasiwe na aliyekuja.

9 Aprili

Mvua imenyesha tangu jana. Ua wote ni tope. Asubuhi kuku wote wa jirani walikuwa wamelala chini ya gari, na ardhi pale chini ilikuwa kavu na ya uvuguvugu. Niliweka kiganja. Injini haijawashwa tangu mwezi uliopita, na betri iko kwa Spana.

Kuku hutoa joto. Nimeliandika hilo kama maelezo.

12 Aprili

Nilimkuta mtoto ameegemea magongo yake karibu na pua, akinong'ona. Nilingoja amalize. Kisha nikamwuliza, kwa sauti ambayo sikuitarajia, kama huyo anayezungumza naye ni baba yake.

Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyekosea swali jepesi.

"Baba amekufa, Babu. Huyu hajafa."

Nimekaa na sentensi hiyo siku nzima. Haina kosa hata moja.

15 Aprili, Jumanne

Nitaandika kwa utaratibu, jambo baada ya jambo.

Spana alileta betri asubuhi akaifunga. Akatuonya kwamba breki zimelika na vipuri havijafika, twende taratibu, au tungoje wiki ijayo. Mkwe alisema mfupa haungoji wiki ijayo. Mvua ilikuwa ya mfululizo, si kubwa. Alivaa koti, akafungua mlango wa nyuma, akainua utepe wa mpira uliolalia mlango kama anayemfunulia mtu pazia. Mtoto alisimama kwenye ngazi na magongo yake. Hakulia wala hakurudi nyuma. Alinigeukia.

"Babu, nani anatupeleka?"

Si nini. Nani. Alikuwa ameuliza kwa kiulizi ambacho hakina jibu katika LI-YA. Ningeweza kusema ni mama yako anayetupeleka, na lingekuwa jibu sahihi. Mkwe wangu alikuwa ameshika mlango, maji yakimtiririka mikononi, na uso wake ulikuwa ule wa siku ya maziko. Mguu wa mtoto ulikuwa umeanza kupinda ndani ya plasta. Hilo hata mimi niliweza kuliona.

"Huyu," nilisema, nikanyoosha kidole.

Ile sauti ya pua ilikatika. Mvua haikukatika, upepo haukukatika, ila ile sauti. Kisha ikaanza tena, polepole. Mjukuu wangu alishuka ngazi, akakabidhi magongo kwa mama yake, akaingia, akalaza kichwa kwenye kiti. Kufika njia panda alikuwa amelala.

Mimi niliketi mbele. Tepe za mpira zilipigapiga ubavuni kwa mwendo mmoja. Watu waliojikinga chini ya mabaraza walitutazama, na hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Mbwa mmoja alitoka mbio kutubwekea, akasimama, akalala kifudifudi mpaka tukapita.

Mteremko wa kwenda darajani ni mrefu na una kona. Mvua iliongezeka hapo, vifuta kioo vikazidiwa, mkwe akainama juu ya usukani. Tulikuwa tunateremka upesi kuliko nilivyopenda. Nilimsikia mkwe akikanyaga breki mara moja, mara ya pili, na pedali ikigonga sakafu. "Baba," alisema, "haishiki." Alilisema taratibu, ili mtoto asiamke.

Alisimama.

Sikurushwa mbele. Hapakuwa na mlio wa matairi. Ilikuwa kama mtu anayetembea anavyosimama akikumbuka jambo. Injini iliendelea kunguruma, gia ilikuwa mahali pake, mguu wa mkwe ulikuwa umeinuka kutoka kwenye pedali, na tulikuwa tumesimama katikati ya mteremko huku maji yakipita chini yetu. Nyuma yangu mjukuu alisema, bila kufumbua macho, "Ameona."

Mkwe alitaka kushuka atazame. Kabla hajafungua mlango, kipande cha barabara mbele ya makarai kilizama. Hakikuporomoka kwa kishindo. Kilijiinamia kikaingia mtoni pamoja na nguzo ya daraja na mti mdogo uliokuwa umeota pembeni, na mahali pake pakabaki maji ya rangi ya udongo.

Tulirudi kinyumenyume. Tulipita daraja jingine, la juu zaidi ya mto, kwa gia ya kwanza, tukafika hospitali jioni. Daktari aliuvuta mguu, mtoto akamng'ata mama yake mkono lakini hakupiga kelele. Plasta mpya imenyooka.

Nimesoma tena ukurasa huu. Kuna neno moja hapo juu linalosimama peke yake. Nimejaribu kuliandika kwa namna nyingine, na kila namna ni uongo.

16 Aprili

Spana alikuja na vipuri vya breki. Alijilaza chini ya tumbo na tochi, akiimba wimbo wake usio na maneno. Baada ya muda aliacha kuimba. Alitoka akiwa amekumbatia zana zake, hata hakujipangusa tope. Alisema pale chini hamna breki kabisa, chuma kimekula chuma, na kwamba gari la namna hiyo halisimami kwenye mteremko hata likiombwa.

Nilitambua kuwa amesema halisimami na likiombwa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Spana alitumia ngeli sahihi. Kisha akatazama nyuma yake, akashusha sauti.

"Mwalimu, nisamehe. Mimi natengeneza magari. Huyu mtafutieni mwingine."

Aliacha vipuri barazani. Mkwe na mimi tulivifunga wenyewe. Alipokuwa akikaza nati ya mwisho alisema, "Pole," na hakuwa akiniambia mimi.

29 Aprili

Hospitali. Tulikwenda, tukarudi.

6 Mei

Jirani amehamisha banda la kuku upande wa pili wa nyumba yake. Kuku wanarudi huku kila jioni.

13 Mei

Hospitali. Mtoto aliimba njia nzima. Wauguzi walikuja dirishani kutazama maegeshoni, na mmoja aliuliza tunamlisha nini. Alidhani ametania. Mjukuu alimjibu kwamba bado hajaomba.

Usemi huo, bado hajaomba, umekaa nami kama jiwe kiatuni.

24 Mei

Plasta imetolewa. Mguu ni mwembamba, mweupe kwa vumbi la plasta, na umenyooka. Alitembea kutoka kitandani hadi mlangoni, mama yake akiwa nyuma kwa mikono iliyotanda kama anayeswaga bata. Nililia. Sijali nani anasoma.

28 Mei

Mvua imeanza kujinyima. Jua leo mchana.

31 Mei, Jumamosi

Anga ni safi. Mkwe aliamka akisema muda wa kuvua umefika. Ana maturubai ya kupeleka kwa wateja, na wateja wawili wamekataa mzigo ufike kwao juu ya kitu kile. Jambo la haki kabisa. Alifungua vifungo vya tumboni, na kwa kuwa mikanda ilikuwa imevimba kwa maji, akachukua mkasi akaanza kukata mshono wa ubavuni. Mtoto alikuwa ameketi ngazini akijifunga kamba za kiatu, cha mguu ule.

"Mama," alisema, "unamchuna?"

Mkasi ulisimama. Gauni huvuliwa, shuka huondolewa. Kuchuna ni kwa kilicho na damu. Mkwe aliinua ukingo wa turubai alioukata, akatazama chini yake kwa muda. Mahali nilipokuwa sikuona alichokiona. Nilimwona tu akiurudisha ukingo polepole na kuuwekea kiganja juu, kama unavyoziba mdomo wa kidonda. Kisha akanigeukia.

"Baba, wewe ndiye mwalimu. Linaweza kurudi kuwa gari?"

Alikuwa ameng'ang'ania hiyo li kama mtu anayeshika kitasa cha mlango uliofungwa. Nilitaka sana kumpa jibu analolihitaji. Nilizipitia kanuni zote kichwani, tangu darasa la kwanza. Kuku akichinjwa hubaki kuku huyu. Samaki akikaangwa hatuambizani kimeiva, ni ameiva. Mwanangu yuko chini ya udongo, na kila nikimtaja nasema yuko, alikuwa, alinipenda. Ngeli ya uhai ina mlango wa kuingilia. Wa kutokea haupo.

"Hapana, mwanangu," nilisema. "Hawezi."

Nilileta sindano ya magunia na uzi wenye nta. Tuliushona mshono ule pamoja, yeye akivuta, mimi nikitoboa, na ngozi ilitetemeka kila sindano ilipopita. Mtoto alisimama kwa miguu yake yote miwili mbele ya pua, akimwambia kwamba inauma kidogo tu na itakwisha.

Sasa ni jioni. Nimeipitia shajara hii tangu mwanzo kwa kalamu nyekundu, kama nilivyozoea mwisho wa muhula. Tarehe 22 Machi niliandika hakulowa sana. Sikumbuki kuiandika hivyo, na ni kabla ya macho kufungwa, kabla ya kuku, kabla ya mteremko. Sikuifuta. Nilirudi hadi ukurasa wa kwanza, pale pasemapo Gari limerudishwa leo mchana, nikaikata ile li, nikaandika a juu yake. Wino ulishika vizuri.

Jambo moja limebaki. Spana alimsimamisha uso ukielekea langoni, nasi kila tuliporudi tulimsimamisha vivyo hivyo, na tangu safari ya mwisho ya hospitali hajawashwa. Sasa hivi nimeinua kichwa kutoka mezani na kuona kwamba macho yameelekezwa dirishani kwangu. Nimeandika yameelekezwa, kauli ya kutendwa, kana kwamba yupo mwingine aliyefanya hivyo. Ni kosa, na nalisahihisha.

Ameyaelekeza.